Joburg kwenda Dar, haidroliki ikakata njiani

Joburg mpaka Dar ni kama masaa matatu na nusu hivi, na mpaka tunafika juu ya Msumbiji hakukuwa na la kusimulia, watu wameshakula wanasinzia. Mara rubani akaja kwenye spika, akasema bila kuzunguka kwamba mfumo mmoja wa haidroliki kati ya mitatu, yani ile nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba kuendesha breki, magurudumu na usukani, umepoteza mafuta yake (siyo yale ya injini), ndege inaongozeka vizuri na tunaendelea Dar, ila tutazunguka juu ya bahari kabla ya kutua na tukishuka tutaona magari ya zimamoto, tusishtuke. Yani yule bwana namshukuru mpaka leo kwa kusema mapema, maana abiria asiyeambiwa kitu anajijazia mwenyewe.

Siti ya pembeni yangu kulikuwa na kaka mmoja fundi wa ndege. Mama mmoja nyuma yetu akamuuliza, "mwanangu, hayo matairi yatashuka kweli?" Akamjibu, "yatashuka mama, yana uzito wake." Akatueleza kwamba hizi Airbus A320 zina mfumo wa kijani, wa bluu na wa njano, kila mmoja na mafuta yake na mabomba yake, na wa kijani ndo unashusha magurudumu, sasa ukifa marubani wana mkono wa kuzungusha kati ya siti zao, mizunguko mitatu, kufuli zinaachia magurudumu yanadondoka yenyewe. Breki zinahamia kwenye wa njano. Nikamuuliza je ikifa yote mitatu? Akasema ilishatokea Marekani mwaka 1989, ndege aina ya DC-10 injini yake ya mkiani ilipasuka ikakata mabomba yote, marubani wakaiongoza kwa kuongeza na kupunguza moto wa injini tu mpaka uwanja wa Sioux City, watu 184 kati ya 296 wakapona. Mimi nilinyamaza kabisa hapo.

Tulizunguka baharini kama nusu saa, marubani wanapitia vitabu vyao. Halafu sakafu ikapiga kishindo, puu, upepo ukaanza kunguruma chini ya miguu yetu na haukukoma, kaka akasema ukishusha kwa mkono milango ya magurudumu inabaki wazi, ndo hizo kelele. Mama nyuma anasali kwa sauti na wengine wanaitikia.

Tukatua laini tu, watu makofi. Ila ndege ikasimama palepale kwenye njia ya kurukia kwa sababu gurudumu la mbele halikati kona bila ule mfumo wa kijani, tukasubiri trekta ije kutuvuta. Wakati wa kushuka ngazi nikainama kuangalia, mlango wa magurudumu unaning'inia na kitu cha zambarau kinachuruzika mpaka kwenye lami, nikataka kusogea kaka akanivuta shati, "usiguse hayo mafuta, yanaunguza ngozi, macho ndo usiseme." Mafundi wenyewe walikuja na glavu na miwani.

Mizigo ilichelewa sana kutoka. Ile ndege haikurudi Joburg usiku ule, abiria waliokuwa wanaisubiri walipelekwa hotelini.