Hizi nyufa haziwezi kutoka?

Tangu Jumatano maneno ya yule dada hayanitoki kichwani. Nikisonga ugali yapo, nikipanda daladala yapo. Baba Neema kapata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, mwenye nyumba kapandisha kodi, na bado kinachoninyima usingizi ni maneno ya mteja aliyekaa barazani kwangu, ninapouzia batiki zangu, kwa muda wa kumaliza soda moja.

Alikuja kwa ajili ya sare za kamati ya harusi. Nikamtandikia kile kitambaa cha michoro ya mkonge, kile cha rangi ya haradali na kijani iliyokolea. Mnakumbuka tulivyohangaika na muhuri wake, ule wa kugongea nta ya kuzuia rangi, mimi na mzee wangu wa Mwenge anayenichongea mihuri. Nilitaka mche wa mkonge kama unavyoonekana ukiwa umesimama juu yake, majani yakichomoza pande zote. Babu alimaliza ujana wake akikata mkonge Korogwe. Mmea wenyewe ulifika Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani, na ukoo wetu umekula na kusoma kwa mkonge. Mzee alichagua mbao iliyokauka kabisa, maana mbichi ikizamishwa kwenye nta ya moto inapasuka, akachimba kwa kina kati ya jani na jani ili nta isigande humo ikaziba ncha.

Yule dada akakipitishia kiganja.

"Rangi nzuri, Mama Neema."

Nikashukuru. Akainama, akafuata kwa ukucha mstari mwembamba wa kijani uliokatiza jani.

"Hizi nyufa haziwezi kutoka?"

"Ndiyo batiki yenyewe hiyo, dada yangu."

"Naelewa. Ila kwa wageni..."

Hakumalizia. Akanywa soda yake, akasema atanipigia.

Ila kwa wageni! Kila usiku namjibu upya. Namwambia kwamba kitambaa hicho kilifuliwa kwanza kutoa wanga wa kiwandani, kikatiwa haradali, kikaanikwa, ndipo nikakaa na jiko la mkaa nikichunga joto. Nta ikipoa inakaa juu ya kitambaa, nyeupe, na rangi itapenya chini yake. Ikiwa na joto lake, ukigonga muhuri unaona pamba imelowa mpaka upande wa pili. Namwambia kuhusu kostiki, ile dawa kali ya kuchanganyia rangi, inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na glovu, na moshi machoni. Namwambia ageuze kitambaa, aone nyuma na mbele ni sawasawa, halafu ageuze cha dukani kilichopigwa chapa upande mmoja. Namwambia kwamba nyufa hutokea nta inapovunjika kwenye beseni la rangi, rangi ikapita humo, na hakuna vipande viwili duniani vyenye nyufa zinazofanana.

Lakini kilichouma zaidi nilikikumbuka baada ya yeye kuondoka. Alikuwa amevaa kitenge chenye nyufa. Zimejaa tele, mishipa ya buluu juu ya maua meupe. Kiwandani walizitafuta kwa makusudi, na yeye anazivaa kwa fahari. Zangu ndizo za kuondolewa mbele ya wageni.

Alhamisi usiku, kila mtu amelala, nikaingia kwenye simu kusoma habari za batiki ya Java, kisiwa cha Indonesia. Nilikuwa natafuta silaha, nisiseme uongo. Nilijua UNESCO iliiingiza batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009, na kwamba wenzetu kule wana mihuri ya shaba iliyosukwa kwa vipande vyembamba, ambayo naiota mpaka leo. Nilitaka kukuta mahali wanaposema nyufa ndiyo roho ya kazi. Nikakuta kinyume chake. Mafundi wa zamani wa Java, wale wa kuchora kwa mkono, nyufa nyingi waliziona kama kazi isiyotulia. Waholanzi walipoiga batiki yao kwa mashine katika karne ya 19, ule utomvu waliotumia badala ya nta ukawa unapasuka na kuacha mishipa. Wajava hawakuupenda mzigo huo. Ulipofika Afrika Magharibi watu wakaipenda ile mishipa, na ndiko vilikoanzia vitenge vya aina ya kile alichovaa mgeni wangu.

Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu mpaka Baba Neema akauliza kuna nini. Sijui nieleze vipi, lakini kitu kilinilegea kifuani. Yule dada aliuliza swali ambalo mafundi wakubwa kabisa wa kazi hii wamelijibu kwa mikono yao, na mimi nilimjibu kana kwamba ametukana. Jibu lipo, tena nalijua: nta ya nyuki iwe nyingi kuliko parafini, kwa sababu parafini ni kavu na inavunjika upesi, ya nyuki inakunjika. Beseni liwe pana, kitambaa kilale bila kukunjwakunjwa. Rangi ipoe vizuri, lakini maji yasiwe ya baridi sana.

Jumamosi nikajaribu. Nta ya nyuki nilipata ya Tabora, bei yake si ya mchezo, lakini harufu ilipanda jikoni mpaka Neema akaacha kitabu akaja kusimama karibu na sufuria. Tukagonga mkonge safu kwa safu, yeye akishika kitambaa. Tulipokitoa kwenye maji ya sabuni yanayochemka, nta ikaelea juu, majani yakatoka haradali tupu, kila ncha imesimama. Nimefurahi! Kazi ya mzee wa Mwenge haijawahi kuonekana hivyo. Neema yeye anapenda kile cha nyufa, na mimi pia napenda nyufa zangu na sitaziacha. Nimempigia yule dada, nimemwambia viko viwili, aje achague, na hiki kipya bei yake ni ya juu kidogo kwa ajili ya nta. Atakuja Jumanne.

Mama naye. Jana kwenye simu amesema vidonge vya presha vimemchosha na jirani kamwambia atafune vitunguu saumu, vinatosha. Nikamsihi asiache vidonge. "Haya mwanangu," akasema, kwa ile sauti yake ya kufunga mazungumzo. Kaka yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi. Kama kuna msomaji wa Korogwe anayepita njia ya kwa Mama, naomba aniandikie. Nataka mtu akae naye tu, anywe chai, aangalie kama vidonge kwenye pakiti vinapungua.