Mchanga wa ziwa la pwani umetoka wapi? Tazama uso wa punje

Rangi ya mchanga peke yake inadanganya. Kwenye mdomo wa mto Sabaki, karibu na Malindi, mchanga wa mto, wa ufuko na wa matuta ya upepo huchanganyika, na hapo uso wa punje za kwatsi, madini magumu yaliyo mengi mchangani, ndio husema zaidi.

Chekecha upate punje za mikroni 250 hadi 500 (robo hadi nusu milimita). Chemsha kidogo kwenye asidi ya hidrokloriki ya 10% kuondoa chokaa ya makombe na matumbawe, suuza, kisha tia haidrojeni peroksaidi kuondoa mabaki ya mimea. Usizisage, wala usizikawize kwenye mashine ya kuoshea kwa mitetemo: utavunja kingo na kuzaa alama mpya. Chagua punje 20 hadi 30 kwa kila sampuli bila kupendelea zile nzuri, zibandike, zipake dhahabu, kisha uzitazame kwa hadubini ya elektroni.

Kingo kali na mivunjiko iliyobonyea kama ganda la chaza: punje haijasafiri sana. Vishimo vya umbo la V vilivyosongamana: zimegongana majini, hasa kwenye mawimbi. Lakini mto wenye kasi nao huvichonga, kwa hiyo hesabu wingi wake, usiridhike na kuviona tu. Umbo la mviringo lenye vibamba vilivyoinuka: upepo.

Kinachowapoteza wengi ni punje zilizorithi alama kutoka mawe ya mchanga ya kale. Angalia alama ipi imekata ipi (inayokata ndiyo mpya), na daima linganisha mchanga wa ziwa na sampuli za mto, ufuko na tuta la hapo hapo.