Chuchu za mwanaume ni za nini hasa?

Jumapili nilikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, na mtoto wa dada angu, ana miaka 6, tunasubiri samaki, mgebuka. Wabebaji wanashusha mizigo vifua wazi, dogo kawatazama weee alafu akauliza kwa sauti pwani nzima ikasikia, "Anko, wale mbona wana nyonyo, watoto wao wako wapi?" Jamaa mmoja mwenye gunia kichwani akajibu bila hata kugeuka, "Wako kwa mama yao, mimi nimepewa chombo tupu." Watu wakacheka, ila mimi nikabaki na swali maana jibu lenyewe nalijua na kumweleza mtoto siwezi.

Iko hivi. Mimba ikiwa changa, wiki za mwanzo kabisa, mtoto wa kike na wa kiume wanajengwa kwa ramani ileile. Unatokea mstari kila upande kutoka kwapani mpaka kwenye kinena, chuchu zinatoka humo (mbwa na paka zao zinabaki nyingi kwenye huo mstari, sisi zinabaki mbili, na ndo maana kuna watu wana ya tatu chini ya titi wanadhani ni baka tu). Sasa ile jeni ya kwenye kromosomu Y inayosema huyu ni dume inakuja kuanza kazi kama wiki ya 6 au 7, ishachelewa, ni kama fundi cherehani kashatoboa matundu ya vifungo ndo anaambiwa shati ni la nani. Wala hazina madhara, kwahiyo mwili haukuona haja ya kuzifuta. Beberu naye anazo, mchungulie tu. Panya dume ndo hana, homoni zake zinazifuta akiwa bado tumboni.

Ila zisikudanganye ukadhani ni pambo. Zina mishipa ya fahamu kibao, zinasisimka, na ndani kuna vijitezi kidogo vinavyosikia homoni. Mimi nikiwa form one lilinitokea donge chini ya chuchu ya kushoto, gumu kama mbegu ya ubuyu, shati likigusa tu nasikia maumivu, mpira nikawa situlizi kifuani, nikajua nimelogwa na sikumwambia mtu. Likaisha lenyewe baada ya miezi. Kumbe balehe, homoni zinayumba, wavulana wengi sana linawapata na hakuna anayesema.

Na vichanga pia, wa kike kwa wa kiume, wanaweza kuzaliwa na matiti yamevimba yanatoa maziwa kidogo, ni homoni za mama bado ziko mwilini. Bibi zetu wanayaminya eti yasije kuwa makubwa. Jamani msiminye, ndo mnaingiza vijidudu mpaka titi linatunga usaha, ukiliacha linanywea lenyewe.

Kinachoniuma ni hiki: kwa kuwa kuna tishu ya titi, na kansa ya titi ipo kwa wanaume. Ni chache, kama mgonjwa 1 kati ya 100 wa kansa hiyo, ila mwanaume anachelewa manake anaona aibu kusema naumwa titi. Mtaani kwetu kuna mzee alikuwa na donge haliumi, chuchu imeingia ndani, akawa anapaka dawa za mizizi mwaka mzima, kwenda hospitali alipelekwa na wanae kwa nguvu. Lile langu la form one liliuma likaondoka, la kwake halikuuma likabaki, unaona mtu anavyoweza kujidanganya.

Dogo nilimwambia tu zilibaki wakati Mungu anaumba, hazina maziwa. Akafikiri mpaka mgebuka ukapimwa, alafu akasema, "Sasa jogoo mbona hana?"

Nikamnunulia muhogo wa kukaanga tukaondoka.