Nilivyoifundisha kompyuta kusoma vifupisho vya Kilatini

Nimemaliza! Muswada mzima wa mahubiri ya karne ya 14, ambao picha zake nilizikuta e-codices (maktaba ya mtandaoni ya miswada ya kale iliyoko Uswisi), sasa ni maandishi ninayoweza kuyapekua neno kwa neno. Ningemaliza mapema zaidi kama si ushauri unaorudiwa kila mahali: mfundishe mashine maneno kamili, usihangaike na vifupisho.

Usiufuate. Waandishi wa Zama za Kati walifupisha karibu kila mstari. P iliyokatwa mstari mkiani ni "per", na wakati mwingine "par" au "por". P yenye kitanzi kinachopinda kushoto ni "pro". Niliandaa kurasa za mafunzo kwenye eScriptorium, programu ya kuifundisha kompyuta kusoma mwandiko wa mkono, nikiwa nimefungua vifupisho vyote kuwa maneno kamili kama nilivyoelekezwa, na mashine ikaanza kutunga. Palipoandikwa "promittit" ilitoa "permittit". Yote mawili ni Kilatini safi, kwa hiyo jicho linapita bila kushtuka, huku Mungu aliyekuwa akiahidi sasa anaruhusu tu. Kosa linalojificha hivyo ni hatari kuliko mia yanayoonekana.

Nikafuta kila kitu, nikaanza upya kwa kanuni moja: mashine iandike inachokiona, basi. Unicode, orodha ya herufi zote ambazo kompyuta hutumia, ina ꝑ (per) na ꝓ (pro) tangu mwaka 2008, kwa nini tusizitumie? Kufungua vifupisho ni kazi ya baadaye, na ni yangu mimi.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayojivunia. Picha zile hufuata IIIF, kanuni za pamoja za kutoa picha mtandaoni, yaani anwani ya picha yenyewe hubeba vipimo vya kipande unachotaka: pikseli ngapi kutoka kushoto, ngapi kutoka juu, upana na kimo. Na eScriptorium, ukitoa kazi yako kwa ALTO (muundo wa faili unaohifadhi maandishi pamoja na nafasi yake kwenye ukurasa), inakupa mahali kila mstari ulipokaa. Nikaviunganisha viwili hivyo kwa programu fupi ya Python, ikanikatia kila mstari wenye ꝑ na kuipanga yote kwenye ukurasa mmoja, picha juu, usomaji chini. Loo! Vitanzi vilivyosomwa vibaya vilijitokeza vyenyewe, na vingi vilikuwa kazi ya mwandishi mmoja mwenye mkono wa haraka, anayeingia katikati ya muswada. Nikaongeza kurasa zake kwenye mafunzo, makosa yakapungua mno.

Gharama? eScriptorium yenyewe ni ya bure, ila uwe na kompyuta yenye nguvu au rafiki mwenye nayo. Na picha zako za mafunzo uzichague kutoka kwa kila mkono ulioandika, si kurasa za mwanzo peke yake.