Tafakari ya wiki: Sala ya jioni kabla ya taarifa ya habari

Tumsifu Yesu Kristo.

"Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako, nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo" (Kumbukumbu la Torati 6:6-7).

Moyo wa mzazi umetajwa kwanza, mtoto amefuata. Musa hakuwaambia Waisraeli wawapeleke watoto kwa Walawi, watumishi wa hekalu, asubuhi na kuwafuata mchana. Sisi ndivyo tunavyofanya. Katekista, mwalimu wa dini wa parokia, hukaa na mtoto saa moja, zikizidi sana mbili, katika wiki yenye saa 168. Zilizobaki ziko kwetu na shuleni. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mkutano mkuu wa maaskofu, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, uliwaita wazazi walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katekista anajenga juu ya kilichokwisha kuwekwa nyumbani, na pasipowekwa kitu mtoto anakariri majibu ya kumfikisha Komunyo ya kwanza, basi.

Tarehe 1 Oktoba tunamkumbuka Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, msimamizi wa Kanisa Kuu la Arusha. Wazazi wake, Louis na Zélie Martin, walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Louis alikuwa fundi wa saa, na Zélie aliendesha biashara ya kufuma lesi huku akilea. Walizaa watoto tisa, wanne wakafa wadogo, na mama mwenyewe alifariki mwaka 1877, Teresia akiwa na miaka minne tu. Baadaye Teresia aliandika kwamba ilimtosha kumtazama baba yake akisali ili ajue watakatifu wanavyosali. Kwa hiyo mama anayefunga meza yake Soko la Kilombero hapa Arusha saa kumi na mbili jioni asidhani watakatifu hawa walikuwa na nafasi kuliko yeye.

Sasa tuje nyumbani. Sala ya familia ikiwekwa "baada ya chakula" haidumu. Mtoto akishashiba ugali anasinzia, na saa mbili baba anataka taarifa ya habari. Iwekeni saa moja na nusu, chakula kikiwa jikoni, runinga imezimwa kabisa (kupunguza sauti hakutoshi, macho yatabaki kwenye picha). Dakika kumi zinatosha kwa nyumba yenye watoto chini ya miaka kumi. Kinachoua sala nyumbani mara nyingi ni urefu: mzazi anarudi kutoka semina ana moto, siku ya kwanza anaongoza rozari nzima na litania, siku ya tatu watoto wamejificha, siku ya nne hata yeye amechoka.

Mpangilio uwe uleule kila siku, maana mtoto hushika kwa kurudia. Ishara ya msalaba, ubeti mmoja wa wimbo, Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba. Kisha kila mmoja anashukuru jambo moja na kuomba jambo moja. Mnanyamaza kidogo kila mtu aitazame siku yake, mnasali sala ya kutubu, na wadogo wanamalizia na ya malaika mlinzi, ambaye kumbukumbu yake ni tarehe 2 Oktoba. Mwisho mzazi anamchora kila mtoto msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Hilo la mwisho msiliache hata siku mtoto amechapwa, hasa siku hiyo.

Ishara ya msalaba yenyewe mtoto anaweza kuianza akiwa na miaka miwili. Wengi wanaotumia mkono wa kushoto wamefundishwa hivyo bila mzazi kujua: amesimama akitazamana na mtoto, naye mtoto anainua mkono ulio upande uleule anaouona. Simama nyuma yake, shika mkono wake wa kulia, upeleke pajini, kifuani, bega la kushoto, kisha la kulia. Sala ndefu zigawanyeni. Mtoto wa miaka minne apewe sentensi moja ya Baba Yetu kwa wiki, na zilizobaki azisikie kwenu. Akikosea neno, msimkatize katikati ya sala wala kumcheka. Msahihisheni kesho yake mkiwa njiani kwenda shule, neno moja tu.

Kukariri kuendane na kuelewa, na nafasi za kueleza hujileta zenyewe. Watoto wamegombana mchana juu ya embe, jioni wanafika kwenye "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea". Simamisheni hapo siku hiyo, wapeane mikono, muendelee. Somo hilo haliongezi hata dakika moja.

Kuna kosa ambalo ni letu sisi wakubwa, nalo ni kugeuza maombi kuwa baraza la nidhamu. "Ee Bwana, msaidie Neema aache uvivu, umjalie asome kama mwenzake." Neema anajua kabisa kwamba hapo Mungu hakuongeleshwa, aliongeleshwa yeye. Akisikia hivyo mara kadhaa atakuwa na kazi ya shule kila ikifika saa moja na nusu. Vivyo hivyo msitoe sala kama adhabu: "umevunja kikombe, kasali Salamu Maria kumi."

Dada wa kazi, ambaye pengine ndiye anayekaa na watoto kuliko ninyi, asiachwe jikoni. Huku kwetu mara nyingi ni Mlutheri. Baba Yetu anaijua, ila atamalizia "kwa kuwa ufalme ni wako" wakati watoto wamekwisha sema Amina. Waelezeni watoto kwamba hajakosea, ndivyo wanavyosali kanisani kwake.

Kuhusu mafundisho, ukimwuliza mtoto "mmefundishwa nini leo?" atajibu "sijui". Uliza "katekista amesimulia habari za nani?" na atazungumza hadi nyumbani. Fungua daftari lake kila Jumamosi jioni. Na cheti cha ubatizo kitafuteni mtoto anapoandikishwa, msingoje mwezi wa Komunyo. Watoto wengi wa mjini walibatizwa Krismasi kwa bibi, Rombo au Kibosho huko Kilimanjaro, na kumbukumbu iko kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia ile. Andikeni pembeni jina la parokia, tarehe, namba ya ubatizo na jina la msimamizi. Kipaimara kitahitaji hayohayo, na ndoa pia.

Kitubio cha kwanza, yaani kuungama dhambi kwa padre, huwatisha wazazi kuliko watoto. Hatua ni tano: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kutorudia, kuungama, kutimiza malipizi. Mtoto asaidiwe kwa maswali matatu: nimemkosea nini Mungu, wenzangu wa nyumbani na shuleni, na mimi mwenyewe? Mzazi asimwandikie orodha ya dhambi, na akitoka asimwulize ameungama nini. Padre amefungwa na siri ya kitubio, na mzazi anayeichimba kwa mlango wa nyuma anamfundisha mtoto kuficha. Baada ya Komunyo ya kwanza ndipo wengi hupotea. Keki imekatwa, gauni jeupe limekunjwa, mafundisho yameisha, na mtoto hasikii tena neno kitubio mpaka Kipaimara. Chagueni Jumamosi moja ya mwezi, mwende wote, mzazi atangulie kupanga foleni. Kama hali ya ndoa yenu haijawawezesha kupokea sakramenti, mpelekeni na mkae naye kanisani, na lenu mlizungumze na paroko.

Kwenye jumuiya, familia za jirani zinaposali pamoja, mtoto aliyefika darasa la nne anaweza kusoma somo. Apewe jana yake, asome kwa sauti mara mbili, na majina kama Nebukadneza afundishwe kabla hajaaibika. Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto, nao una kipimo chepesi tangu Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipouanzisha mwaka 1843: Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi, watoto wakiwasaidia watoto. Wekeni kopo. Sarafu itoke kwenye hela ya mtoto mwenyewe ya maandazi, hata shilingi mia, kwa sababu akichangiwa na baba inakuwa sadaka ya baba.

Walio bweni wapewe rozari ya mfukoni na sala moja fupi ya kusali kitandani kimyakimya. Wakirudi likizo, waongoze wao.

Oktoba ni mwezi wa Rozari, na jioni zenu zinaweza kubeba tendo moja, yaani tukio moja la maisha ya Yesu au Maria la kutafakari: Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe, dakika nne hivi. Fuateni siku: Jumatatu na Jumamosi matendo ya Furaha, Jumanne na Ijumaa Uchungu, Jumatano na Jumapili Utukufu, Alhamisi matendo ya Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Wiki ya kwanza chukueni tendo la kwanza la kila siku, wiki ya pili la pili, na kwa wiki tano mtakuwa mmepita matendo yote 20. Wadogo wahesabu punje, wakubwa wataje tendo. Mkikosa siku mbili kwa msiba au safari, msilipe deni kwa kusali mara tatu. Endeleeni na tendo la siku hiyo.