Nilivyofunga Rspamd, kichujio cha barua taka, kwenye seva ya barua ya kampuni ya utalii bila kuwapoteza wageni

Kila nikiwaambia mafundi wenzangu kwamba nasimamia seva ya barua pepe ya kampuni ya utalii hapa Arusha, ushauri wa kwanza ni uleule: zuia kila kinachotoka China na Urusi, barua taka zitaisha. Ushauri huu umenichosha. Kampuni inayopandisha watu Kilimanjaro haiwezi kuzifungia nchi nzima mlango. Wageni wetu wanatoka China, wanatoka Urusi, wanatoka Poland na Brazil. Wengi huandika mara ya kwanza kutoka anwani ya bure, kwa Kiingereza cha kuungaunga, wakitaja dola, benki, nakala ya pasipoti na malipo ya awali. Iweke barua hiyo pembeni ya barua ya tapeli, uone kama maneno hayafanani.

Barua taka moja ikipenya, dada wa buking anaifuta na kazi inaendelea. Lakini barua ya familia ya watu sita wanaouliza bei ya njia ya Lemosho kwa siku nane ikitupwa, watu wale watapanda na kampuni nyingine, na sisi hatutajua hata kwamba walituandikia. Kwa hiyo tangu mwanzo nilijiwekea sharti moja: barua halali isipotee, hata kama gharama yake ni taka chache kupita.

Nilichokikuta ni Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayotunza masanduku ya wafanyakazi), na kichujio cha SpamAssassin kikiunganishwa na Postfix kupitia Amavis, pamoja na ClamAV ya kukagua virusi, vyote vimebanwa kwenye seva ya gigabaiti mbili. ClamAV peke yake hula zaidi ya gigabaiti moja ya memori, kwa hiyo mara kwa mara mfumo ulilazimika kuua programu moja ili nyingine ipumue. Juu ya hapo, aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameandika maneno ya marufuku kwenye body_checks, faili la Postfix la kukagua maneno yaliyomo kwenye barua: deposit, bank transfer, passport copy. Barua yenye neno mojawapo inakataliwa mlangoni. Kwenye kampuni ya utalii! Faili hilo nililifuta kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Na SpamAssassin sina ugomvi. Ipo tangu 2001, imeandikwa kwa Perl, na bado inafanya kazi nzuri kwa anayeijua. Nilichagua Rspamd kwa sababu imeandikwa kwa C, ni nyepesi, na ndani ya programu moja unapata kichujio, saini za DKIM (zinazothibitisha barua imetoka kwenye domeni inayodai), kuchelewesha barua zinazotia shaka, kikomo cha barua zinazotoka, na jambo moja la kukumbuka majibu ambalo nitalieleza chini kwa sababu ndilo lililoniokoa. Programu zote ni za bure. Gharama ilikuwa kupanda kwenda seva ya gigabaiti nne, laki moja na kidogo kwa mwezi hivi.

Kisa cha orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha IP zinazojulikana kwa barua taka, nitakieleza kirefu, maana naona watu wanaumizwa nacho hadi leo.

Tulipohamia seva mpya, uongozi uliagiza mpangilio wa zamani wa Postfix uhamishwe kama ulivyo, usiguswe. Ndani yake mlikuwa na reject_rbl_client zen.spamhaus.org. Kazi yake ni hii: seva yoyote ikitaka kutuletea barua, Postfix inauliza kwa DNS (huduma inayojibu maswali ya majina na anwani za mtandao) kama IP ya seva hiyo imo kwenye orodha, likija jibu, barua inakataliwa. Kwenye seva ya zamani mstari huo ulifanya kazi miaka yote. Kwenye seva mpya, asubuhi ya kwanza, kimya. Dada wa buking akanipigia: "Kaka, leo hakuna mgeni hata mmoja aliyeandika. Kweli hii?" Mchana ajenti wetu wa Ujerumani akapiga simu ofisini kulalamika kwamba barua zake zinamrudia.

Tukawauliza waliotukodisha seva. Jibu lao: IP yenu imechafuka, nunueni nyingine. Jibu hilo lilinikera, kwa sababu barua zilizokuwa zinakataliwa ni za watu wanaotuandikia sisi, na IP iliyokuwa inaulizwa ni ya kwao, si yetu. Tungenunua IP kumi na hali ingebaki vilevile. Nikafungua logi. Hata seva za Gmail zilikuwa zinakataliwa! Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba orodha haikuwa inasema kweli, au sisi hatukuwa tunaielewa. Na ukiusoma ule mstari wa logi mpaka mwisho, badala ya kuishia kwenye neno blocked, ulikuta maneno haya: Error: open resolver.

Nikaiuliza orodha yenyewe kwa mkono: dig 2.0.0.127.zen.spamhaus.org. Anwani 127.0.0.2 ni ya majaribio, imo kwenye orodha siku zote, na jibu lake la kawaida huanza na 127.0.0. Mimi nikapata 127.255.255.254. Hapo nikaelewa. Seva mpya ilikuwa imewekewa 8.8.8.8 kuwa DNS yake, na Spamhaus hawahudumii maswali ya bure yanayopitia DNS za umma kama hiyo, maana kule hawawezi kujua nani anauliza na anauliza mara ngapi. Wanarudisha namba ya hitilafu, 127.255.255.254. Postfix haikuambiwa itofautishe namba ya hitilafu na namba ya orodha. Yenyewe imepata jibu, basi inakataa. Dunia nzima ikawa imefungiwa nje kwa sababu ya DNS.

Tiba ni kufunga Unbound, programu ya DNS, kwenye seva ileile ili iulize yenyewe moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Baada ya hapo dig ilirudisha majibu yanayoeleweka. Lakini hapohapo kuna mtego mwingine: kwenye seva nyingi za kukodi, faili la resolv.conf, linalotaja DNS ya seva, huandikwa upya kila seva inapowashwa, na 8.8.8.8 hurudi kimyakimya. Kwa hiyo Rspamd niliiambia moja kwa moja, kwenye local.d/options.inc, kwamba DNS yake ni 127.0.0.1, isitegemee faili hilo kabisa. Ule mstari wa Postfix nikauondoa. Anayetaka kubaki nao aandike zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11], namba za hitilafu hazitamdhuru. Mimi napendelea Rspamd iiulize orodha na kuiongezea barua alama za shaka tu. Orodha moja isiwe hakimu wa mwisho wa barua ya mgeni.

Na tukiwa bado kwenye orodha: sehemu mojawapo ya ZEN ina IP za wateja wa kawaida wa intaneti, zikiwemo za simu. Waongozaji wetu wanatuma barua wakiwa Karatu au getini Naabi, Serengeti, kwa data ya simu. Aliyeingia kwa nywila yake lazima apite kabla ya ukaguzi huo, la sivyo utawazuia watu wako mwenyewe.

Kufunga Rspamd yenyewe hakuna maajabu. Redis (hifadhidata ambamo Rspamd hutunza kumbukumbu zake), kisha Rspamd kutoka hazina yao wenyewe, kisha kwenye Postfix smtpd_milters ielekee poti 11332. Mabadiliko yako yote yaweke kwenye local.d, usiguse mafaili ya asili, na kila ukibadilisha kitu piga rspamadm configtest. Ukurasa wa kuangalia uko poti 11334. Mimi naufikia kwa SSH tu, sijaufungua kwa dunia. Milter_default_action, inayosema barua ifanyweje Rspamd isipojibu, niliiweka accept, yaani ipite. Kuna mafundi watakaokuambia ni hatari, kwamba Rspamd ikianguka taka zitamiminika. Zimiminike. Afadhali hivyo kuliko buking kurudishwa usiku tukiwa tumelala.

Rspamd hujumlisha alama za shaka za kila barua, na mipaka yake ya kawaida ni hii: ikifika 4 barua inacheleweshwa, 6 inawekewa lebo ya taka kichwani, 15 inakataliwa. Ile ya 15 niliipandisha hadi 30 kwa wiki za mwanzo, ili kila kitu kiishie kwenye folda ya Junk ambako mtu anaweza kukiona. Ucheleweshaji niliuacha, kwa sababu hapa haufanani na ule wa zamani uliokuwa unachelewesha kila mgeni mpya; unagusa tu barua ambayo tayari imetia shaka.

Sasa mafunzo, na hapa ndipo kazi ilipo. Rspamd ina sehemu ya Bayes inayojifunza maneno na jinsi yanavyofuatana, lakini haianzi kuhukumu mpaka ionyeshwe angalau barua 200 za taka na 200 za halali. Watu wengi wanaipa taka tu, maana ndizo zinazowaudhi, halafu wanashangaa haifanyi kitu. Mimi nilianza na halali. Nilikwenda kwenye folda za buking zilizokamilika, miaka kadhaa, wageni waliokuja kweli wakalipa kweli, nikazilisha zote kwa rspamc learn_ham. Baada ya hapo neno deposit likikaa karibu na Machame au Serengeti halikuwa tena la kutia shaka, likawa ushahidi kwamba barua ni ya kazi. Nikaongeza barua za Kiswahili: za madereva, za wauza vyakula vya kambini, za hoteli za Moshi, za vibali vya hifadhi. Hizi msizisahau. Usipokionyesha kichujio Kiswahili halali, Kiswahili cha kwanza atakachokifundisha mtu kinaweza kuwa cha tapeli, na barua ya dereva wako ndiyo itakayolipia.

Kwa taka, niliunganisha Dovecot kwa imapsieve, sehemu yake inayoendesha kanuni (sieve) barua inapohamishwa folda: mtu akiburuta barua kwenda Junk, Rspamd inafundishwa kuwa ni taka, akiitoa Junk, inafundishwa kuwa ni halali. Kuna jambo dogo hapa ambalo lisiposhughulikiwa linaharibu kila kitu. Mtu akisafisha Junk, barua huenda Trash, na kwa Dovecot hiyo nayo ni kutoka Junk. Bila kuweka sharti kwenye sieve kwamba ikienda Trash isifundishe lolote, kila mtu anapofanya usafi anaifundisha seva kwamba maelfu ya taka ni barua nzuri. Pia niliongea na wafanyakazi kuhusu majarida waliyojiandikisha wenyewe. Hayo ujiondoe kwa kiungo chao, usiyatupe Junk, maana unaitia seva kichaa.

Sasa lile la majibu. Rspamd ina moduli inayoitwa replies. Mfanyakazi wetu akituma barua kwa mgeni, inakumbuka namba ya utambulisho ya barua hiyo. Mgeni akijibu, jibu linatambulika na kupita. Kwa kawaida inakumbuka siku moja tu. Siku moja kwa biashara ya safari! Mgeni anapewa bei mwezi wa pili, anazungumza na mkewe, anaomba likizo kazini, anajibu mwezi wa nne. Nikaongeza muda huo hadi miezi sita. Redis haikuhisi chochote, kwani kinachohifadhiwa ni kidogo sana. Tangu hapo malalamiko ya "mgeni amejibu lakini hatujaona" yamekwisha kabisa, na ni badiliko la mstari mmoja. Hakikisha tu barua zinazotoka nazo zinapitia Rspamd, la sivyo haina cha kukumbuka.

Kwa matapeli wanaojifanya bosi, niliandika kanuni: jina la mkurugenzi likionekana kwenye sehemu ya mtumaji, lakini anwani si ya domeni yetu, ongeza alama 8. Mhasibu alikuwa anapokea barua za namna hiyo, "uko ofisini? nina malipo ya haraka", na sasa zinakwenda Junk. Lakini nawaambia wazi wahasibu wote: sanduku la ajenti wa kweli likidukuliwa, ankara yenye akaunti mpya ya benki itapita SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutumia domeni), DKIM na DMARC (agizo la domeni kuhusu barua isiyothibitika) bila doa, kwa sababu imetoka kwenye seva ya kweli. Kichujio hakina cha kuona hapo. Piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ankara.

Upande wa kutoka usiuache wazi. Nywila ya mtu mmoja ikiibwa, usiku mmoja unatosha seva yako kurusha maelfu ya taka, na hapo ndipo IP yako inachafuka kweli. Moduli ya ratelimit niliiwekea kila mtumiaji kikomo kwa saa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaowatumia barua, na anayewatumia kwa wingi (kwa Gmail, kuanzia 5,000 hivi kwa siku) anadaiwa SPF, DKIM na DMARC vyote. Sisi hatufiki huko, lakini niliviweka vitatu vyote, DMARC ikianza na p=none (toa ripoti tu, usizuie) mpaka nilipoona ripoti zimetulia.

Mwisho, mafunzo yote hayo yanakaa ndani ya Redis, kwenye faili la dump.rdb. Linakiliwe kila usiku nje ya seva. Na kwenye mpangilio wa Redis usiiruhusu ifute tu ufunguo wowote bila kuchagua memori inapojaa. Volatile-ttl inatosha, inagusa tu funguo zilizowekewa muda wa kwisha, ikianza na zile zilizokaribia kwisha.