Siku Moja Maishani Mwangu: Kutunza Kumbukumbu za Ndege ya Mafunzo, Unguja

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za matengenezo ya ndege ya kufundishia urubani, Cessna 172N, katika karakana ndogo ya Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, na siku huanza kwa hesabu. Nasoma mita ya saa za kuruka ilivyoandikwa jana jioni, nalinganisha na saa ambazo ukaguzi ujao unatakiwa kufanyika, kisha naandika ubaoni kilichobaki. Ndege hii hukaguliwa kila inapotimiza saa 100 za kuruka, mbali na ukaguzi wa kila mwaka. Leo imebakiwa na saa 1.2.

Saa 1:00. Maalim ameingia na mwanafunzi wake, ambaye leo alitarajiwa kuruka peke yake hadi Pemba na kurudi. Kutoka hapa hadi uwanja wa Pemba ni takriban kilomita 125, yaani karibu dakika 40 kwa ndege hii kama upepo umetulia, na kwa kuwa kusi inavuma, kurudi kutachukua muda mrefu zaidi kuliko kwenda. "Samahani, Maalim," nilimwambia, "kufika itafika, lakini itarudi ikiwa imepita kikomo." Aliutazama ubao, akambadilishia kijana somo: atapaa na kutua hapahapa kwa dakika 45.

Wapo wanaoona kikomo hicho kuwa ukaidi wa karatasi, nami sikubaliani nao hata kidogo. Ndege ya shule hutua mara nyingi kwa siku moja, tena mikononi mwa watu ambao bado wanajifunza kutua. Matairi, breki na mguu wa mbele hubeba adha ambayo ndege ya mtu binafsi huenda isiione kwa mwezi mzima.

Saa 1:30. Cheti cha usajili, cheti kinachothibitisha kuwa ndege inafaa kuruka, leseni ya redio, bima, hesabu ya uzito na usawa wake ndani ya ndege: vyote vipo na havijapitwa na muda. Mwanafunzi anatoa mafuta kidogo chini ya matangi na kuyaangalia kama yana maji, na kama rangi ni ile ya buluu ya avgas 100LL, petroli ya ndege.

Saa 2:10. Ndege imerudi kutoka mwanzo wa njia ya kurukia bila kuruka, na katika daftari la kiufundi mwanafunzi ameandika: "Magneto mbaya." Nilimwomba aketi tuandike upya, kwa sababu maneno mawili hayo hayamwambii fundi aanzie wapi. Injini hii ina magneto mbili, yaani vizalishaji vya umeme wa cheche, kila moja ikiwasha plagi moja katika kila silinda. Rubani huzijaribu injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, na kitabu cha ndege kinaruhusu mzunguko ushuke usizidi 125 kwa kila magneto, na tofauti kati ya mbili hizo isizidi 50. Kijana alikumbuka vizuri: ya kulia ilishusha 75, ya kushoto 190, injini ikatetemeka. Sasa yameandikwa hivyo, na fundi alikwenda moja kwa moja kwenye plagi za magneto ya kushoto, akakuta mojawapo imejaa masalia ya madini ya risasi kutoka kwenye mafuta. Aliisafisha, akajaribu tena, akaandika alichofanya, sehemu ya mwongozo aliyoifuata, matokeo ya jaribio na namba ya leseni yake, akasaini. Mimi sina mamlaka ya kusaini hapo. Ninachoweza ni kuizuia ndege mpaka sahihi iwepo.

Saa 4:00 somo limekwisha salama. Saa za leo zimeingizwa kwenye daftari la fremu, yaani mwili wa ndege, la injini na la propela, kila moja peke yake, kwa kuwa injini inaweza kuhamishwa lakini historia yake lazima iifuate.

Adhuhuri tunasali na kula.

Saa 8:00 mchana. Mchana wote ni wa kuandaa karatasi za ukaguzi wa kesho. Fundi Mkuu ametaka nafasi ya kutosha ya kuandika kutu, kwani hewa ya chumvi hupenya kwenye viungo vya bati na nyaya za usukani ambako maji ya kuoshea hayafiki. Kwa kila silinda kuna kisanduku cha kuandikia mgandamizo, unaopimwa kwa hewa yenye shinikizo la psi 80 (pauni 80 kwa kila inchi ya mraba). Nimeambatanisha pia agizo la usalama la Marekani namba 2011-10-09 kuhusu reli za viti vya Cessna, linalotaka zikaguliwe kila saa 100 au kila miezi 12, kutegemea kipi kinatangulia. Tundu la reli likilika, pini inayofunga kiti haishiki. Kiti kinaweza kurudi nyuma ndege inapopaa, na rubani akishika usukani asianguke, atauvuta na kuinua pua ya ndege kupita kiasi. Kwa ajili ya mwanafunzi anayeruka peke yake, nimeiweka karatasi hiyo juu ya nyingine zote, na Fundi Mkuu amekubali kwamba kesho viti ndivyo vitakavyotolewa kwanza.